Springi Mbili za Njano

Kazi ya kubadilisha springi niliipata kwa sababu ya vidole vyangu. Nilikuwa msusi. Kwa miaka minne nilisuka katika saluni ya chumba kimoja huko Sydenham, mtaa wa Durban, zile rasta nyembamba ambazo wateja walizifuata kutoka Morningside, na jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa fundi wa bunduki. Wapita njia hawakujua. Hakukuwa na kibao nje, ila malango mawili ya chuma, moja nyuma ya jingine, na kengele. Fundi mwenyewe alikuwa Mwislamu mzaliwa wa Durban, wa ukoo ulioletwa zamani kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Nusu ya Kiswahili chake ilitoka kwa bibi yake, nusu nyingine aliiokota kwetu sisi Wakongomani, na mapengo aliyaziba kwa Kiingereza. Sote tulimwita Anko.

Siku moja aliingia saluni na kisahani cha chai mkononi. Ndani ya kisahani kulikuwa na pini na springi ndogo kuliko punje ya mchele.

"Wewe unayesuka hivi vidogo," akasema, "unaweza kunitilia hii juu ya hii?"

Nikamtilia. Mteja niliyekuwa namsuka hakugeuza hata kichwa. Anko akabaki anaangalia vidole vyangu, kisha akaangalia vyake, na ndipo nami nikaona vinavyotetemeka.

Hivyo ndivyo nilivyohamia upande wa pili wa ukuta. Sheria ilikuwa wazi na Anko aliirudia kila wiki: mimi mkimbizi, leseni sina, bastola sitaishika peke yangu, chumba cha sefu sitaingia. Lakini triga, yaani kile kifyatulio kinachovutwa na kidole, kikishatolewa ndani ya bastola ni vipande vya chuma tu. Nilikaa chumba cha mbele, chini ya taa yenye lenzi, na kibano na sinia la bati lenye kingo ili springi zisiruke zikapotea. Anko alinitolea vipande, mimi nikabadilisha springi, yeye akavirudisha ndani. Wapenda shabaha walikuwa wakinunua triga za kampuni nyingine, laini kuliko zile zilizokuja na bastola, na karibu zote zilikuja na vifuko vya springi za kuchagua.

Kazi niliipenda. Mahali sikupapenda. Nilitoka Uvira, kwetu Kongo, nikiwa nimeshaona bunduki za kutosha, na kila Anko alipofungua mlango wa sefu mabega yangu yalipanda yenyewe. Nilikuwa nasimama kila nusu saa bila sababu, naenda dirishani, narudi. Anko alidhani ni mgongo. Akaninunulia mto.

Mteja ninayemkumbuka kuliko wote alikuwa mkunga mstaafu wa Westville, Mzulu, mjane, mwenye miaka kama sitini na tano. Tulimwita Ma, kama watu wa huku wanavyomwita mwanamke wa umri ule. Jumamosi alikwenda klabu kupiga shabaha pamoja na wenzake, na bastola hiyohiyo ndiyo aliyoitegemea nyumbani tangu wezi walipoingia wakamfunga mikono kwa waya wa pasi. Shida yake ilikuwa ugonjwa wa viungo. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa kimepinda, na triga ilikuwa nzito kwake. Mwanawe aliyeishi Amerika alimtumia triga nyingine, na ndani ya pakiti mlikuwa na springi mbili zilizopakwa rangi ya njano.

Anko aliziweka mbele ya Ma juu ya kitambaa.

"Hizi za njano ni laini," akamweleza kwa Kiingereza, nami nikasikiliza. "Moja ni ya triga, moja ni ya pini. Ya triga tutaiweka, kidole chako kitapumzika. Ya pini hapana. Pini ndiyo inayogonga fataki iliyo nyuma ya risasi. Ukiweka springi laini pale, kuna siku bastola inapiga, na kuna siku inasema tik tu."

"Na siku ya tik nitaijuaje?" Ma akauliza.

"Hutaijua. Ndiyo maana haiwekwi."

Maagizo yalikuwa hayo. Ya njano kwenye triga, ile ya kijivu iliyokuja na bastola ibaki kwenye pini. Ningeweza kuyafuata nimefumba macho.

Ilikuwa mwaka 2015, wiki zile baada ya Pasaka ambapo wageni walikuwa wakipigwa mjini na maduka yao yakivunjwa. Tuliishi fleti moja katikati ya mji, mimi, mume wangu na watoto wetu wawili, pamoja na familia nyingine iliyolala sebuleni. Watoto hawakwenda shule. Simu zilileta picha na sauti kutoka kila upande, za kweli na za uongo pamoja, na hatukuwa na njia ya kuzitenganisha.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa hesabu kule nyumbani. Durban alilinda magari ya watu maegeshoni, Morningside, amevaa fulana ya kung'aa, na alifanya kazi hiyo kwa adabu ileile aliyofundishia. Jumapili ile hatukwenda kanisani. Alinisubiri nimalize kuanua nguo kwenye veranda, akafunga mlango nyuma yetu ili watoto wasisikie.

"Kule kwenu iko ngapi?" akaniuliza.

"Ngapi nini?"

"Unajua ninachouliza."

Nikaendelea kukunja nguo.

"Sisemi uibe," akasema. "Uazime. Wiki mbili, mambo yakitulia unairudisha."

"Bunduki haiazimwi kama sufuria, baba."

"Wakija kwenye ngazi hizi nitawafungulia na nini? Na chaki?"

"Kila moja ina namba. Ikikosekana moja, Anko anafungwa na mimi nafungwa. Watoto utabaki nao wewe?"

Aliokota kibanio cha nguo sakafuni. Kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Unawalainishia wao triga zao. Sisi nani atatulainishia?"

Neno hilo liliniuma, na nikamjibu vibaya. Nilimkumbusha kaka yangu mkubwa, aliyeficha bunduki darini kule Uvira ili kutulinda, na wale waliokuja kuitafuta wakamkuta. Mume wangu alimfahamu kaka yangu, walicheza mpira pamoja. Aliinua mkono kama mtu anayezuia mlango usifunguke, akaingia ndani. Sikumwambia kwamba hata mimi nilikuwa nimeshawaza. Nilikuwa nimeshapima kwa macho kwamba bastola ndogo ingeenea kwenye mkoba wangu wa zamani wa nywele.

Jumanne Anko alinitolea vipande vya bastola ya Ma. Ma angekuja kuichukua saa nane. Niliketi chini ya lenzi, nikapanga springi nne juu ya kitambaa, mbili za njano na mbili za kijivu, nikaanza. Anko alikuwa chumba cha nyuma na mteja mwingine. Simu ikatetemeka mezani.

Ulikuwa ujumbe wa mume wangu: *Wamefika kwenye kona. Nimefungia watoto chooni.*

Nikampigia. Hakupokea. Nikapiga tena, nikasikia inaita mpaka ikakatika. Nilisimama, nikaketi, nikasimama. Baada ya muda ujumbe wa pili ukaja: *Ni polisi tu. Wamepita.*

Kati ya ujumbe wa kwanza na wa pili nilimaliza kazi. Sijui hata leo niliimaliza vipi. Nilipotazama chini, vipande vilikuwa vimekamilika, na springi zilizobaki zilikuwa zimeshaingia kwenye kikopo chake, na kadi ya Ma juu yake. Vidole vilijua njia, viliendelea bila mimi.

Anko akaviweka ndani ya bastola, akaijaribu bila risasi. Ikasema tik, kama inavyopaswa kusema ikiwa tupu. Kwa kawaida kila bastola tuliyoigusa aliipeleka uwanja wa shabaha na kuipiga mara kumi kabla ya kumkabidhi mwenyewe. Siku ile barabara ya kwenda huko ilikuwa imefungwa kwa matairi yanayowaka, na Ma alishafika, anatazama saa.

"Itatosha," Anko akasema. Sikuwahi kumsikia akisema hivyo.

Ma akavuta triga mara moja, bastola ameielekeza kwenye ndoo ya mchanga. "Kidole hakijalalamika," akasema, akatabasamu, akaenda zake.

Jumatano na Alhamisi hatukufungua. Ijumaa Anko akafungua asubuhi, akanipa kazi ya kupanga meza, na karibu na adhuhuri akaenda msikitini. Baada ya swala alikuwa na desturi ya kupita kwa dada yake Overport, na simu yake ilibaki imezimwa mpaka alasiri. Chumba cha nyuma alikifunga na kuondoka na funguo. Mimi nikafuta sinia, nikapanga vibano, nikafungua vikopo kimoja kimoja kuweka springi zilizobaki mahali pake.

Katika kikopo cha Ma palipaswa kuwa na springi moja ya kijivu na moja ya njano. Palikuwa na mbili za kijivu.

Nilizitoa nikaziweka chini ya lenzi. Nikazigeuza. Nikapiga magoti, nikapapasa sakafu kwa kiganja, nikiomba nikute ya njano imeanguka. Nikafagia, nikachagua vumbi kwa kibano. Hakuna. Zote mbili za njano zilikuwa Westville, ndani ya bastola ya mwanamke anayeishi peke yake, na mojawapo ilikuwa kwenye pini.

Nikampigia Ma. Simu ikaita bila kupokewa. Nikampigia Anko, imezimwa. Nikampigia Ma tena. Nikazunguka meza. Ningeweza kumngoja Anko, na mtu mwenye busara angemngoja. Lakini nilimjua. Angesema barabara mbaya, tumwite Jumatatu, na siku tatu nyingine zingepita. Nikachukua kadi yenye anwani, nikafunga malango yote mawili na kutoka.

Sikupanda teksi. Katika teksi za Durban, ambazo ni kama daladala, ni wewe unayepaza sauti kumwambia dereva akushushe wapi, na wiki ile sauti yangu ndiyo kitu nilichokuwa nakificha. Miguu haiulizwi inatoka wapi. Nilikuwa nimeacha vitenge nyumbani tangu Pasaka, nimevaa jinzi na koti la kazi. Nilipanda na kushuka vilima vya Sydenham nikitembea kama mtu aliyechelewa, si kama anayekimbia. Tofauti yake ni ndogo na inachosha.

"Sawubona, sisi," mwanamume mmoja alinisalimu kwa Kizulu penye duka, akiniita dada.

"Yebo," nikasema, na kuongeza mwendo, maana neno la pili lingenisaliti.

Nilivuka barabara kuu kwa daraja, malori yakipita chini yangu, nikaingia upande wa miti mingi. Westville watu hawatembei, wana magari. Njia ya miguu hakuna, ni nyasi na kuta na mbwa wanaokupokezana kutoka ukuta hadi ukuta. Nilikuwa nimetembea zaidi ya saa moja na jasho lilikuwa limeshashuka mpaka kwenye soksi. Karibu na nyumba ya Ma gari la walinzi wa mtaa likapunguza mwendo likaenda sambamba nami. Mlinzi akashusha kioo, akaniuliza kwa Kizulu nakwenda wapi. Nikajifanya sikusikia vizuri. Akauliza kwa Kiingereza.

"Namba kumi na nne," nikasema. "Nimekuja kumsuka Ma." Sikuweza kutaja bastola barabarani.

Akatazama mikono yangu mitupu. "Vifaa viko wapi?"

"Anavyo yeye."

Kiingereza chake kilikuwa cha Malawi. Niliwahi kuwa na wateja wa Kimalawi, sauti ile naijua. Naye alikuwa ameshaisikia yangu. Tuliangaliana muda mfupi, kila mmoja akijua la mwenzake. Akapandisha kioo. Aliendesha taratibu nyuma yangu mpaka langoni, na hakuondoka mpaka lilipofunguliwa.

Ma alikuwa bustanini, amevaa glavu, simu ameiacha jikoni. Alinitambua mara moja na uso wake ukabadilika, maana hakuna sababu njema ya mimi kuwa pale.

"Ma, ile bastola huenda isipige," nikamwambia kabla hata hajanikaribisha.

"Huenda?"

"Niliweka springi ya njano kwenye pini. Ile Anko aliyokataza. Ni kosa langu, si lake."

"Amekutuma?"

"Hajui. Yuko msikitini."

Alivua glavu, kidole kimoja kimoja, polepole kwa sababu ya viungo vyake. "Jana alfajiri nilisikia kitu mlango wa nyuma," akasema. "Nikaitoa. Nikasimama jikoni dakika ishirini, nimeielekeza mlangoni. Kulipokucha nikaona ni tumbili kwenye pipa la taka." Akaniangalia. "Dakika ishirini zote nilijiona nina nguvu."

Aliniambia niketi kwenye kiti cha jikoni, akanipa maji. Niliketi, nikasimama, nikaketi. Alikwenda chumbani, nikasikia sefu ikifunguliwa na risasi zikitolewa moja moja. Akarudi na kisanduku kilichofungwa.

"Sheria inasema niibebe mimi," akasema. "Wewe panda gari."

Hakuwa amenikaripia. Nilitamani angefanya hivyo. Tulipofika kilimani aliuliza kwa nini natoka jasho namna ile, nikamwambia nimekuja kwa miguu.

"Kutoka Sydenham? Teksi zimekwisha?"

Nikamweleza habari ya kupaza sauti. Aliendesha mpaka tukavuka daraja.

"Nilizalisha miaka thelathini na sita," akasema hatimaye. "Nikiwaona kwenye televisheni na fimbo zao, naangalia nyuso. Natafuta ninaowajua. Umri wao ndio ule. Wengine lazima nimewapokea mimi, kwa mikono hii." Aliviinua vidole vilivyopinda kutoka kwenye usukani. "Sijui nilikosea wapi. Unaona nafikiri upuuzi, lakini nafikiri hivyo."

Robot ya kwanza ya Sydenham, yaani taa za barabarani, ikatuwakia nyekundu. Pembeni walisimama vijana wanne, watatu wameshika fimbo ndefu. Ma akabonyeza kitufe, milango ikajifunga kwa mlio mmoja. Mmoja wao akaja moja kwa moja kwenye dirisha langu na fimbo begani. Nilitazama mbele. Niliiona kwa pembe ya jicho ikishuka kuelekea kioo, na hapo ndipo nilipoona manyoya kwenye ncha yake. Walikuwa wakiuza mifagio.

Ma alitikisa kichwa kukataa, kijana akaenda gari lililofuata. Taa ikawa kijani na hakuna aliyecheka.

Anko alikuwa amefika kabla yetu, amesimama nje ya malango yake mwenyewe, uso umemwiva. Alidhani nimechukuliwa. Nilipomweleza, hofu yake ikageuka hasira, na ilikuwa hasira isiyo na kelele.

"Ulikwenda kwa mteja kabla ya kuja kwangu," akasema kwa Kiswahili.

"Simu ilikuwa imefungwa, Anko."

"Overport unakujua. Ni dakika kumi. Hukuja kwa sababu ulijua nitasema nini."

Ilikuwa kweli. Nikainamisha kichwa.

"Leseni ni yangu. Jina ni langu. Miaka arobaini."

Ma hakuwa anaelewa maneno lakini sauti aliielewa. Akaweka kisanduku mezani. "Kabla hamjamaliza kugombana," akasema kwa Kiingereza, "nani aliniambia itatosha?"

Anko akaitia mikono yake mifukoni. "Mimi," akasema. "Ni mimi niliyesema."

"Basi huyu airekebishe, nikiwa naona. Halafu twende tukaipige, barabara iwe imefunguka au haijafunguka."

Anko akafungua bastola, akanitolea kipande cha pini. Niliketi chini ya lenzi na watu wawili nyuma ya mabega yangu. Ile springi ya njano ilikuwa pale kweli, ndogo, safi, imekaa vizuri. Nilipoitoa ikaniponyoka kwenye kibano, ikaruka juu ya kingo za sinia na kupotea. Tulipiga magoti sote watatu, Ma akishikilia meza kwa ajili ya viungo vyake, Anko na tochi mdomoni. Tuliitafuta robo saa. Mwishowe Ma aliikuta ndani ya kola ya koti langu. Anko alitoa sauti fulani puani iliyokaribia kuwa kicheko, na hewa ya mle chumbani ikalegea kidogo. Nikaweka ya kijivu. Anko akaniambia niseme rangi kwa sauti, nikasema, "Kijivu." Akaniambia niseme tena.

Uwanja wa shabaha ulikuwa nje ya mji, chini ya kilima cha miwa. Barabara ilikuwa wazi, na alama nyeusi za matairi pale yalipoungulia. Nilikuwa nimeshakaa mwaka mzima na nusu katika kazi ile, na sikuwahi kwenda pale. Sikuwa nimesikia mlio wa bunduki tangu Uvira. Anko alinipa vizibo vya masikio na kuniambia naweza kubaki garini. Nilibaki, nimefunga vioo.

Mlio wa kwanza ulinikuta nimejiandaa, lakini mwili haukujali. Nilijikuta nimeinama chini ya kiti, mikono kichwani, meno yamekaza. Wa pili pia. Kwenye wa tatu nikaanza kuhesabu kwa sauti, si kwa ujasiri, bali kwa sababu nilihitaji kujua. Tatu. Nne. Palipokuwa na kituo kirefu kati ya sita na saba nikaacha kupumua, nikingoja tik. Nane. Tisa. Kumi. Kisha Ma akapiga kumi nyingine kwa kidole chake kibovu, na zote zikalia.

Alikuja akagonga kioo. Uso wake ulikuwa uking'aa, kama wa msichana aliyetoka kucheza. Akaniuliza kama nataka kujaribu moja. Nikasema hapana, asante. Hakunibembeleza.

Anko alinifikisha nyumbani mwenyewe, mpaka mlangoni pa jengo, kabla jua halijazama. Njiani alisema kwamba kuanzia sasa hakuna kitakachotoka kwake bila kupigwa, hata mji uwake moto. Kisha akasema, kama mtu anayezungumzia jambo jingine, kwamba Jumatatu nije saa mbili na si saa tatu.

Mume wangu aliketi juu ya kitanda na viatu miguuni. Nilimsimulia yote, nikiwa nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungeuawa barabarani kwa sababu ya springi," akasema.

"Ndiyo."

Aliangalia mikono yake. Akasema kwamba asubuhi ile, wakati mimi napanga meza kwa Anko, yeye alikwenda Point, kule bandarini, kuonana na mtu anayeuza bunduki. Alikuwa ameambiwa na mwenzake wa maegeshoni. Yule mtu alimfungulia gazeti, ndani mna bastola iliyoanza kushika kutu, akamwambia aishike aone uzito. Akaishika. Akaona vidole vyake vimeizunguka, akakumbuka jinsi kaka yangu alivyokuwa akionyesha ile ya darini, kwa fahari, kama mtu aliyenunua redio. Akairudisha kwenye gazeti na kuondoka, na yule mtu akamtukana mpaka mwisho wa barabara.

"Hukuniambia kama unakwenda," nikasema.

"Na wewe hukuniambia."

Nikaketi karibu naye. Watoto walikuwa wakigombania rimoti sebuleni, na tuliwaacha wagombane.

Hakuna aliyevunja mlango wetu. Kwa wiki mbili tulilala na nguo za mchana, mkoba wa vyeti karibu na mto, na kila lifti iliposimama kwenye ghorofa yetu mume wangu alisimama. Ile familia ya sebuleni haikungoja. Walirudi Kongo na mabegi manne. Mimi niliendelea kwa Anko. Kwa miezi kadhaa hakuniruhusu kugusa springi ya pini bila yeye kukaa kando yangu, na sikulalamika. Mwisho wa mwaka mikono yake ilimshinda kabisa, akauza vifaa kwa fundi mwingine asiyehitaji mtu kama mimi, nikarudi kusuka. Vidole havikusahau, ila miguu ilibaki na tabia yake. Hata sasa siwezi kukaa nusu saa bila kusimama.

Shule ilipofunguliwa vizuri tuliwapeleka watoto sisi wawili, kila mmoja akishika mkono wa mmoja. Yule mdogo alichechemea njia nzima. Tulidhani ni woga. Tulipomvua viatu langoni tukakuta miguu imekua, vidole vimejikunja, tukaenda madukani asubuhi ileile kumtafutia viatu vingine.